Mpaka wa Tunduma unalipa leo, shule italipa lini?

Mwanzoni mwa 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ilitangaza nafasi za kazi 1,596. Walioomba walikuwa 135,027. Kwa hesabu ya haraka, kila nafasi iligombewa na watu wapatao 85, na nyuma ya kila cheti kuna mzazi aliyefunga mkanda miaka mingi ili kipatikane.

Mjini Tunduma, kwenye mpaka wa Tanzania na Zambia, habari ya namna hii haipiti hivi hivi. Ofisa wa TRA kule si mtu wa kusikika redioni. Yupo pale kwenye kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa Oktoba 2019 na Rais John Magufuli na mwenzake wa Zambia, Edgar Lungu, na mwanafunzi anamwona akitoka na kuingia. Lakini mwanafunzi huyo huyo anawaona pia wabadilisha fedha wenye maburungutu ya kwacha, waendesha guta wanaovusha mizigo kwenda Nakonde, upande wa Zambia, mama lishe waliozungukwa na madereva, na rika lake walioacha shule juzi tu na leo wana simu nzuri kuliko ya mwalimu. Hapo anajiuliza: nikimaliza kidato cha nne, nitapata nini ambacho hawa hawana?

Wakubwa wengi humjibu kwa kufoka. Bora angejibiwa kwa hesabu.

Pesa ya leo

Tunduma ni lango. Iko zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam, reli ya TAZARA inapita hapo, na malori yanayoleta shaba ya Zambia na Congo hupishana na yale yanayopeleka mafuta na bidhaa za madukani kutoka bandarini. Foleni ikikaza, malori hujipanga kurudi nyuma kuelekea Mpemba. Mkoa wa Songwe ulipomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, makao makuu yalikwenda Vwawa, wilayani Mbozi, kwenye kahawa. Pesa ya haraka ikabaki mpakani. Watu wameifuata. Sensa ya 2012 ilihesabu Tunduma watu wapatao 97,500. Ile ya 2022 ilihesabu zaidi ya 219,000.

Pesa hii huja leo na hukatika leo. Mei 2020 Zambia ilipofunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa kwa sababu ya Uviko-19, aliyekuwa akiishi kwa kupakua mizigo hakuwa na akiba wala mkataba wa kumlinda. Hata hivyo kijana wa miaka 16 hapimi maisha kwa Mei 2020. Anaipima kazi kwa ujira wa jana jioni.

Ada ilifutwa, gharama ikabaki

Januari 2016 serikali ilianza kutekeleza elimu bila ada hadi kidato cha nne. Kabla ya hapo shule ya serikali ya kutwa ilitoza shilingi 20,000 kwa mwaka na ya bweni 70,000. Kidato cha tano na cha sita vilifuata katika mwaka wa fedha 2022/23. Ulikuwa uamuzi mkubwa, na watoto wengi wasingevuka mlango wa sekondari bila huo. Sare, madaftari, nauli na chakula cha mchana viliendelea kumtoka mzazi, lakini gharama kubwa kuliko zote haiandikwi kwenye fomu ya kujiunga na shule. Ni kipato ambacho kijana anakiacha kwa kukaa darasani.

Tuchukue mfano. Tuseme kijana wa miaka 17 anapata shilingi 8,000 kwa siku ya kubeba mizigo, na kazi inapatikana siku 20 kwa mwezi. Hiyo ni shilingi 160,000 kwa mwezi, au 1,920,000 kwa mwaka. Linganisha na ile ada ya shule ya kutwa, shilingi 20,000. Anachokiacha ni mara 96 ya kile alichosamehewa.

Gharama hiyo hupanda kadiri mtoto anavyokua. Akiwa na miaka 13 hakuna anayempa gunia abebe. Akifika kidato cha tatu mabega yamepanuka, na mpaka unamwita. Kwa hiyo utoro wa vidato vya juu hauishi kwa viboko wala kwa mikutano ya wazazi peke yake, kwa sababu kila mwaka anaobaki shule unamgharimu zaidi ya uliopita.

Kwa msichana kuna mzigo juu ya mzigo. Kazi za nyumbani zinamsubiri, na mji wa malori na nyumba za wageni una vishawishi vyake. Hadi Novemba 2021, kwa aliyepata ujauzito safari ya shule ya serikali ilikuwa imekwisha. Mwezi huo serikali iliruhusu wasichana waliojifungua kurudi darasani. Mlango uko wazi, ila atakayemlea mtoto wakati mama yake yuko shule ni lazima atafutwe na familia.

Kenya na Tanzania zilishapimwa

Utaambiwa kwamba wapo wafanyabiashara wakubwa wa mpakani ambao hawakuiona sekondari. Kweli wapo. Lakini mfano wa mtu mmoja aliyefanikiwa hausemi lolote juu ya mia waliobaki kwenye mikokoteni, na jibu zuri zaidi lilishapatikana katika ukanda wetu wenyewe.

Baada ya uhuru, Kenya ilipanua sekondari kwa kasi, zikiwamo shule za harambee. Tanzania ilibana sekondari na kuweka nguvu kwenye elimu ya msingi kwa wote. Mwaka 1980 wachumi John Knight na Richard Sabot waliwapima wafanyakazi wa mishahara wa Nairobi na Dar es Salaam: miaka waliyosoma, uwezo wao wa kusoma na kukokotoa, na kipato chao. Matokeo yalichapishwa katika kitabu mwaka 1990, na mambo mawili yanamhusu mzazi wa Tunduma moja kwa moja.

La kwanza, sekondari inapoenea, cheti hushuka bei. Mhitimu wa Kenya alianza kushika kazi ambazo zamani zilikuwa za mtu wa elimu ya msingi. Sisi tumefika huko tangu shule za kata zilipoanza kuenea takriban miaka 20 iliyopita: kidato cha nne kilichomfanya babu kuwa karani leo kinampa mjukuu nafasi ya kuuza dukani.

La pili ndilo zito. Kilichomwongezea mtu kipato hasa hakikuwa miaka aliyokaa darasani. Kilikuwa kile alichotoka nacho kichwani, yaani uwezo wa kusoma na kuelewa, na uwezo wa kupiga hesabu. Aliyekaa miaka minne akatoka mtupu alinufaika kidogo kuliko aliyetoka na uwezo huo.

Sasa tazama matokeo yetu. Katika mtihani wa kidato cha nne wa 2024, Baraza la Mitihani lilitangaza ufaulu wa asilimia 92.37. Waliopata daraja la kwanza hadi la tatu walikuwa asilimia 42.96. Katika hisabati ni takriban mmoja kati ya wanne tu aliyefaulu. Taifa linasherehekea 92 huku soko la ajira likiuliza juu ya yule mmoja kati ya wanne.

Soko liko nje ya geti

Ajabu ni kwamba Tunduma inazihitaji hesabu hizo kila saa. Tuseme kwacha inanunuliwa kwa shilingi 100 na kuuzwa kwa 103. Mteja akileta kwacha 2,500, anayezinunua na kuziuza siku hiyo hiyo anabaki na shilingi 7,500. Akizilaza, na asubuhi bei ya kuuzia ikawa 98, amepoteza 5,000. Hiyo ni hisabati ya kidato cha kwanza, na kisheria kazi yenyewe inadai leseni.

Twende kwa wakala wa forodha. Anasoma ankara ya mzigo, anapanga bidhaa kwenye fungu lake la ushuru, anajaza mfumo wa kielektroniki, na kosa la tarakimu moja linalaza lori la mteja mpakani. Kinyamwanga na Kibemba vitamvusha mtu sokoni, lakini nyaraka za Zambia zimeandikwa kwa Kiingereza. Fundi wa malori naye anasoma michoro, na mnunuzi wa kahawa wa Mbozi anahitaji kujua bei ya dunia inavyogeuka shilingi ya mkulima.

Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umefungua nafasi. Baadhi ya shule zimeanza mkondo wa amali, yaani wa ufundi, na Biashara imekuwa somo la lazima kwenye mkondo wa jumla. Wazo lina ukoo mrefu, tangu Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967. Lakini lina onyo lake pia. Mwaka 1965 mtafiti Philip Foster aliandika juu ya Ghana kwamba vijana hawazikwepi shule za ufundi kwa kudharau kazi za mikono; wanazikwepa kwa sababu wanaona mishahara iko ofisini. Fani isiyo na mlaji haiokolewi na karakana nzuri. Kwa hiyo amali ya Tunduma ianze na kilichopo Tunduma: ufundi wa magari makubwa, uwakala wa forodha, utunzaji wa maghala, usindikaji wa mahindi na mpunga wa wilaya ya Momba. Na mhitimu akitoka, asilimia nne ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kuwakopesha vijana imfuate, badala ya kumsubiri apate mtu wa kumshika mkono.

Kwa walimu wa Biashara na hisabati, darasa la bure liko nje ya geti. Wapelekeni wanafunzi mpakani mchana kweupe, wakiwa na madaftari, wakahesabu faida na hasara ya yale wanayoyaona. Atakayegundua kwamba anayelipwa zaidi pale ni yule anayejaza fomu, si yule anayebeba mzigo, atakuwa na sababu yake mwenyewe ya kurudi darasani kesho.

Na kwako mzazi, acha kuuliza tu kama mtoto amekwenda shule. Leo jioni mwombe daftari la hisabati, mpe bei ya mahindi ya gulioni, akukokotolee mbele yako. Akishindwa, nenda kamwone mwalimu wiki hii, kabla mpaka haujamchukua.