Maji katika Majina: Anahita, Enkai na Nairobi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi lugha mbili zisizo na udugu, Kiajemi na Kimaasai, zinavyohusisha maji na uungu, na kutahadharisha dhidi ya pupa ya kulinganisha majina kwa sauti tu.

Waajemi wa kale walimwabudu Aredvi Sura Anahita, mungu wa kike wa maji na uzazi. Anasifiwa katika Yasht ya 5 ya Avesta, na mfalme Artaxerxes wa Pili, aliyeanza kutawala mwaka 404 K.K., alimtaja pamoja na Mithra katika maandishi yake. Jina lina viungo viwili: kikanushi an- na ahita, ‘chafu’, maana yake, basi, ni ‘asiye na taka’. Katika Kiajemi cha leo limefupika kuwa Nahid, ambalo pia ni jina la sayari tuiitayo Zuhura.

Kimaasai nacho kina jambo la kufanana na hilo. Neno Enkai humaanisha Mungu, na pia mvua. Ni nomino ya jinsi ya kike, kama ilivyo enkare, ‘maji’. Wamaasai humtaja Enkai Narok, Mungu mweusi mwenye neema, na Enkai Nanyokie, Mungu mwekundu mwenye ghadhabu. Kiambishi na- hapo ni kirejeshi kinachopatana na jinsi ya kike. Nacho ndicho kilichomo katika Enkare Nairobi, ‘maji yaliyo baridi’. Nomino imedondoka, ikabaki sifa peke yake kuwa jina la mji uliofikiwa na reli mwaka 1899.

Hapa ndipo penye mtego. Aijuaye Nairuzi, siku ya mwaka inayoadhimishwa Makunduchi, Unguja, kwa jina la Mwaka Kogwa, aweza kudhani kwamba Nairuzi na Nairobi ni ndugu, kwani yote mawili huanza na nai- na yote yanagusa maji. Sivyo. Nairuzi limetokana na maneno ya Kiajemi yenye maana ya ‘mpya’ na ‘siku’. Kuoga ni mila iliyoambatana na siku hiyo, si maana ya neno. Kama twatafuta maji ya Kiajemi jijini Nairobi, tuyatafute katika jina la Wapunjabi waliojenga reli: panj ni ‘tano’, ab ni ‘maji’.

Mfano wa pili uko magharibi ya jiji. Jina Ngong huelezwa kuwa limetokana na enkong’u emuny, ‘chemchemi ya kifaru’. Na enkong’u ni ‘jicho’. Kiajemi nacho huita jicho cheshm na chemchemi cheshme, nasi twasema jicho la maji. Ufanano huu ni wa fikra, wala hauthibitishi ukopaji.

Yafaa wanafunzi wetu wafundishwe tofauti hiyo. Mto Nairobi, utokao kinamasi cha Ondiri, Kikuyu, hufika katikati ya jiji ukiwa umechafuka. Wala hatuoni tena sababu ya kuitwa ulivyoitwa. Jina limebaki kuwa shahidi wa maji yale na wa Wamaasai walionyweshea mifugo yao hapo. Tukilipeleka Uajemi kwa sababu ya silabi moja, tutakuwa tumemfukuza shahidi huyo.