Karafuu kwenye jino: kemia ya ganzi, na hesabu ya tone moja

Tafuna karafuu upande wa jino linalouma. Kwanza unahisi joto, karibu kama pilipili, halafu taratibu ulimi na fizi vinakufa ganzi. Anayefanya kazi hapo ni yujenoli. Inaanza kwa kuamsha kipokezi kilekile kinachoamshwa na pilipili, kisha inaziba milango ya sodiamu kwenye neva, na taarifa ya maumivu inakwama njiani. Madaktari wa meno nao wanaijua: huichanganya na oksidi ya zinki kupata kijazio cha muda. Ila jino lililooza linabaki limeoza, hata kama limenyamaza.

Karafuu kavu ina mafuta asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake, kiasi kikubwa sana kwa kiungo. Ndani ya mafuta hayo yujenoli ni kama asilimia 70 hadi 90. Yanayobaki ni hasa asetati ya yujenoli na beta-kariofilini. Makonyo yana mafuta machache zaidi, lakini yujenoli yake mara nyingi huzidi asilimia 90. Ndiyo maana Pemba hayatupwi: kiwanda cha Wawi huyakamua mafuta kwa mvuke. Yujenoli yenyewe huchemka kwenye nyuzi 254, lakini ikisindikizwa na mvuke wa maji inatoka kwenye nyuzi 100 hivi, bila kuungua. Mvuke ukipoa, mafuta hujitenga na, tofauti na mafuta mengi uliyozoea, haya yanazama chini ya maji.

Sasa, chai ya karafuu ni kitu kingine kabisa. Maji hutoa tanini kwa wingi, lakini mafuta huyachukua kidogo tu, na sehemu yake inapotea na ile harufu inayojaa jikoni. Alkoholi hutoa vyote viwili. Kwa hiyo ukisoma kwamba "dondoo ya karafuu imeua bakteria", uliza: dondoo ipi, na kwa kiasi gani?

Kuua bakteria inaua kweli, kwenye kisahani cha maabara. Yujenoli hupenya kwenye utando wa bakteria na kuuvuruga mpaka vya ndani vinavuja. Shida ni kwamba hata seli zetu zina utando wa mafuta. Dozi ikipanda, seli za binadamu kwenye kisahani nazo zinakufa.

Hapa ndipo wale wanaodondoshea watoto mafuta ya karafuu kwenye fizi wanapaswa kupiga hesabu. Wataalamu wa FAO na WHO waliweka kikomo cha yujenoli kwa siku kuwa miligramu 2.5 kwa kila kilo ya mwili. Mtoto wa kilo 10, basi, ni miligramu 25. Mililita moja ya mafuta ina uzito wa gramu moja na kidogo, na hutoa matone 20 hadi 30. Tukichukulia yujenoli ni asilimia 80, tone moja lina miligramu 28 au zaidi. Tone moja tu, na kikomo cha siku kimeshapitwa!

Kupita kikomo hicho mara moja si sawa na kupata sumu, maana kimewekwa chini makusudi. Lakini kwenye majarida ya tiba kuna mtoto wa miaka 2 aliyekunywa mililita 5 hadi 10, akapoteza fahamu na ini likaharibika vibaya. Zile chupa ndogo za kawaida zina mililita 10.