KIJIKO, KIOO CHA PIKIPIKI NA MTIHANI WA FIZIKIA

Asimamaye jioni karibu na stesheni ya Mpanda hupitwa na pikipiki za abiria moja baada ya moja, na kila moja ina vioo viwili vilivyobinuka. Lakini tukimwuliza kijana wa Kidato cha Nne, mwenye daftari la fizikia kwapani, kwa nini vioo vile vimebinuka, mara nyingi hutujibu kwa kanuni ya herufi tatu aliyoikariri kwa Kiingereza. Kanuni ni sahihi, ila hajui inasema nini.

Hatumlaumu. Wengi wa vijana wetu husoma sayansi ya shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha hulikuta somo lile lile sekondari limevaa lugha nyingine, na mtihani huandikwa kwa lugha hiyo. Hiyo si sababu ya kungoja. Ndugu zetu walimu wana ruhusa ya kushika kijiko.

Upande wa ndani wa kijiko ni kioo mbonyeo, na wa nje ni kioo mbinuko. Kijana ajitazame upande wa ndani, atajiona kichwa chini. Akigeuze, atajiona wima lakini mdogo. Sheria ni moja kwa vioo vyote: mwale huondoka kwa pembe ile ile uliyojia. Kinachobadilika ni uso wa kioo, uliopinda. Miale inayofika sambamba, kioo mbonyeo huikusanya mahali pamoja paitwapo fokasi. Kioo mbinuko huitawanya, ikawa kana kwamba yatoka katika fokasi iliyo nyuma yake.

Sasa kanuni itaeleweka. Tuseme kioo mbonyeo kina umbali wa fokasi wa sentimeta 10. Mshumaa ukiwekwa sentimeta 15 mbele yake, taswira hutokea sentimeta 30, imepinduka, ukubwa mara mbili, na yaweza kupokewa juu ya karatasi. Mshumaa ukisogezwa hadi sentimeta 5, hesabu hutoa 10 yenye alama ya kutoa. Hapo ndipo wengi huanguka: huifuta alama wakidhani wamekosea. La hasha! Alama ile yasema kwamba taswira iko nyuma ya kioo, wima, wala hakuna karatasi itakayoipokea.

Turudi barabarani, maana jambo hili si la darasani tu. Kioo mbinuko chenye umbali wa fokasi wa meta 1, lori likiwa meta 19 nyuma, huonyesha taswira yenye sehemu moja ya ishirini ya kimo chake. Lori la meta 3 huwa la sentimeta 15. Faida yake ni kwamba dereva huona eneo pana kuliko kioo bapa kingalivyomwonyesha. Hasara yake ni kwamba jicho, likiona lori dogo, hudhani liko mbali, na mwenye pikipiki hukata kona mbele yake. Twaona swali hili lina haki ya kuulizwa darasani kabla ya kuulizwa mahali pengine.

Tochi hugeuza mambo: balbu huwekwa kwenye fokasi, na kioo mbonyeo huirudisha miale sambamba. Ndivyo ilivyo hata taa kubwa ya garimoshi litokalo Kaliua.

Shule isiyo na maabara haijanyimwa kila kitu. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, aliandika juu ya vioo vya kuunguza kwa jua karibu miaka 1,000 iliyopita, na jua la Mpanda wakati wa kiangazi halina upungufu. Kioo cha kunyolea, kile kinachokuza uso, ni mbonyeo. Kielekezwe juani, na kipande kidogo cha karatasi kisogezwe mbele yake mpaka doa la mwanga liwe dogo kabisa. Umbali kutoka kioo hadi karatasi ndio umbali wa fokasi. Mtu asitazame jua wala mng'aro wa kioo, na karatasi isikawie pale, itaungua. Rula ya sentimeta 30 isipotosha, aazime ya jirani yake aiunganishe.