Kichwa kikiuma Mlima Kenya, usizidi kupanda

ILIKUWA yapata saa nane na nusu usiku katika kambi ya Mackinder, mita 4,200 juu ya usawa wa bahari. Nje maji yalikuwa yameganda ndooni. Tulikuwa watu tisa, kila mmoja akifunga kamba za viatu tayari kwa safari ya mwisho ya kuelekea kilele cha Lenana, tukalione jua likichomoza. Mwenzetu mmoja, kijana wa miaka 26 kutoka Mombasa na mchezaji hodari wa kandanda, alikuwa ameketi kitandani akikitazama kiatu chake kana kwamba hajapata kukiona.

Mwelekezi wetu, mzee aliyekuwa ameukwea mlima huo kwa zaidi ya miaka ishirini, alimmulika kwa kurunzi, kisha akamtoa nje na kuchora mstari ardhini kwa fimbo.

"Kijana, pita hapa juu. Kisigino kiguse vidole vya mguu wa nyuma."

Hatua ya tatu akapepesuka na kushika ukuta.

"Mzee, ni usingizi tu. Nimeshameza dawa ya kichwa."

"Wewe hupandi. Unateremka sasa hivi, usiku huu huu."

Ukazuka ubishi. Kijana alikuwa ameweka akiba miezi mingi kwa ajili ya safari hiyo, na kilele kilikuwa mwendo wa saa nne hivi tu. Baadhi yetu tulimtetea. Nami, nakiri, nilikuwa miongoni mwao. Mzee hakutujibu. Alimwita mpagazi mmoja, wakamfunga kijana koti, wakamshika mkono na kuanza kuteremka naye bondeni.

Baadaye ndipo nilipoelewa jinsi tulivyokuwa karibu kumpoteza mwenzetu.

Wengi hudhani kwamba juu mlimani oksijeni imepungua hewani. Sivyo hasa. Kiwango chake ni kile kile, asilimia 21, Mombasa na Lenana. Kinachopungua ni kanieneo ya hewa, yaani uzito wa hewa unaotukandamiza. Hewa ikiwa nyepesi, kila pumzi huingiza oksijeni kidogo zaidi mapafuni. Katika kilele cha Lenana, mita 4,985, pumzi moja hukupa zaidi kidogo tu ya nusu ya oksijeni ambayo ungeipata ukiwa ufuoni.

Mwili unaweza kuzoea hali hiyo, lakini unataka muda. Na hapo ndipo Mlima Kenya unapowanasa watu, kwa sababu ni mlima unaofikika kwa urahisi mno. Ukipitia njia ya Naro Moru, gari linaweza kukufikisha hadi kituo cha Met, mita 3,050, hujatoka hata jasho. Kesho yake unavuka msitu na kile kinamasi cha mteremko kinachomeza viatu, unaingia bonde la Teleki, na jioni umelala Mackinder.

Na bonde lenyewe linapendeza, kwa kweli. Mimea aina ya lobelia imesimama mirefu kuliko mtu, pimbi wanaota jua mawebeni, na mbele yako vilele vya Batian (mita 5,199) na Nelion (mita 5,188) vimechongoka ghafla. Ukitazama hayo hukumbuki kujiuliza umepanda kiasi gani tangu asubuhi.

Basi tufanye hesabu. Ushauri unaotolewa na madaktari wa milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000, mahali utakapolala leo pasizidi mita 500 juu ya pale ulipolala jana, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike siku moja. Kutoka Met hadi Mackinder ni mita 1,150 kwa siku moja. Ni zaidi ya maradufu. Kijana wetu alikuwa ametoka Mombasa kwa basi la usiku, akalala Met usiku uliofuata, kisha Mackinder. Mkazi wa Nairobi angalau huishi kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi. Yeye hakuwa na hata akiba hiyo.

Nguvu za mwili hazisaidii hapa. Vijana wenye misuli ndio mara nyingi huumia, kwa kuwa ndio wanaokimbia na ndio wanaoona haya kusema wanaumwa.

Ugonjwa wa mlima huanza saa kadhaa baada ya kufika, mara nyingi usiku wa kwanza. Kichwa huuma, chakula hukinai, mtu huhisi kichefuchefu, kizunguzungu na uchovu usiolingana na kazi aliyoifanya. Ukiona hayo, usipande tena. Baki hapo hapo, kunywa maji, pumzika. Dawa ya kichwa unaweza kumeza, lakini isiwe kibali cha kuendelea kukwea. Pombe na vidonge vya usingizi viache nyumbani, maana hupunguza kasi ya kupumua unapolala.

Hatari kubwa ziko mbili. Ya kwanza ni maji kujaa mapafuni: mtu hutweta hata akiwa ameketi, hukohoa, midomo hugeuka rangi, na mwishowe huweza kutoa makohozi yenye povu la rangi ya waridi. Ya pili ni ubongo kuvimba: mtu hupepesuka kama mlevi, huongea ovyo, husinzia asiamke vizuri. Ule mstari wa mzee ulikuwa kipimo cha hilo la pili. Zote mbili huweza kuua kwa muda wa saa chache. Dawa zipo na oksijeni husaidia, lakini tiba kuu ni kuteremka, bila kungoja kupambazuke, na mgonjwa asiachwe ateremke peke yake.

Kuna pia wasiofaa kwenda kabla ya kumwona daktari: wenye maradhi ya moyo au mapafu, wajawazito, na wenye ugonjwa wa selimundu. Hawa wa mwisho nawasisitizia, kwa sababu ugonjwa huo umeenea Nyanza, Magharibi na Pwani. Upungufu wa oksijeni huzifanya chembe nyekundu za damu kujikunja na kuziba mishipa. Hata mtu aliyeurithi kutoka kwa mzazi mmoja tu, ambaye kwa kawaida haumwi, anaweza kupata maumivu makali ya wengu akiwa juu sana.

Ipo dawa iitwayo asetazolamidi inayosaidia mwili kuzoea mwinuko. Daktari ndiye wa kuiandika, hasa ikiwa dawa za salfa hukudhuru. Usishangae ikikufanya ukojoe mara kwa mara na vidole vifanye ganzi.

Lakini dawa iliyo bora ni siku ya ziada. Ukipitia Sirimon, badala ya kuruka kutoka Old Moses (mita 3,300) hadi Shipton kwa siku moja, unaweza kulala Liki North katikati. Ukipitia Naro Moru, lala Met siku mbili. Siku ya pili panda hadi kinamasini, kisha urudi kulala chini. Gharama itaongezeka, najua, na kampuni zinazouza safari za siku tatu hazitakwambia hivyo. Chagua Januari na Februari, au Agosti na Septemba, wakati mvua ni chache.

Sisi wanane tulifika Lenana saa kumi na mbili na nusu. Mimi nilitapika mara mbili njiani na sikumwambia mtu.

Tuliporudi Met alasiri, tulimkuta kijana ameketi juani, sufuria ya uji mbele yake, akibishana na mpagazi kuhusu ligi ya Uingereza. Kichwa kilikuwa kimeanza kumwachilia walipofika msituni, alisema, kabla hata hakujakucha. Kumbukumbu ya ule mstari hakuwa nayo kabisa. Februari iliyofuata alirudi kupitia Sirimon, akalala njiani usiku nne, na alfajiri moja akanipigia simu kutoka Lenana, upepo ukivuma hata sikuweza kusikia anasema nini.