Ndege ndogo za vijana: mama, angalia betri

Vijana wanaokusanyika kutengeneza ndege ndogo za kuongozwa na rimoti hawapotezi wakati. Wanajifunza kupima, kukata, kuunga nyaya na kusaidiana. Ndege ikianguka, mmoja anashika bawa, mwingine anapaka gundi. Wasichana nao wapewe nafasi.

Bawa la frigoliti lisigusishwe gundi kali ya haraka, linayeyuka. Gundi ya mbao inafaa, ila iachwe ikauke usiku mzima. Kabla ya kurusha tena, ndege ishikwe kwa vidole viwili chini ya mabawa, karibu na upande wa mbele. Mkia ukilala chini, ndege itaanguka tena.

Lakini hatari iliyo ndani ya nyumba ni betri ya litiamu. Betri iliyovimba au iliyogongwa ndege ilipoanguka inaweza kuwaka moto, hata baada ya muda. Isichajiwe tena. Ile nzima ichajiwe kwa chaja yake, juu ya simenti, mbali na godoro na chandarua, mtu mzima akiwa karibu. Kwetu umeme unakatika, unarudi usiku watu wamelala. Kwa hiyo kabla ya kulala, chomoeni.

Tena, wasirushe karibu na uwanja wa ndege wala kambi ya askari. Waombe ruhusa kwanza kwa wakuu wa mahali. Siku hizi za droni, askari hatajua kwamba kile kinacholia angani ni mchezo wa mtoto wako.