Kuingia si kukaa: Rimu za gari dogo zisomwe kabla ya kununuliwa

Katika maduka ya vipuri ya Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ni vichache vitenzi vinavyotumika kwa wepesi kama kitenzi kuingia. Kijana aliyejinyima miaka kadhaa hata akajipatia kigari chenye mbio, kilichotumika kwanza Japani kikateremshwa katika bandari ya Mombasa, huja hapo na hamu ya kukivisha rimu mpya. Muuzaji hulitupia gari jicho moja, huzitupia rimu jicho la pili, kisha hutoa hukumu: "Bosi, hizi zinaingia." Bei hupatanwa, jeki huinuliwa, na baada ya saa moja kijana huondoka akiwa na furaha ya bwana harusi.

Mimi ni mtu wa taaluma ya lugha, na kitenzi hicho hunitia wasiwasi. Mguu huingia katika kiatu kisichoutosha. Mgeni huingia katika nyumba asiyokusudia kukaa. Kuingia ni tendo la mara moja, ilhali kukaa ni hali ya kudumu. Rimu iliyoingia leo chini ya mti wa fundi ina safari ndefu ya kukaa: itapita matuta na mashimo, itafungwa breki katika mteremko wa Limuru, itabeba watu watano na mizigo yao. Swali la kumuuliza muuzaji, kwa hiyo, si kama inaingia. Swali ni kama inakaa, na jibu lake halipatikani kwa jicho. Limeandikwa kwa nambari juu ya rimu yenyewe, na asiyezisoma ananunua ahadi asiyoijua.

Kabla hatujaendelea, tukubaliane kuhusu maneno. Ninaposema rimu nakusudia ule mduara wa chuma au alumini unaovishwa tairi. Wenye ofisi wana rimu yao, ile ya karatasi 500, nao tuwaachie. Katikati ya rimu pana tundu linalovaa kitovu cha gurudumu, na kando ya tundu hilo pana matundu madogo ya bolti. Hapo ndipo usomaji huanza.

Tuchukue mfano wa gari lipendwalo sana na vijana, Suzuki Swift Sport. Toleo la mwaka 2005 lililouzwa Japani lilifungwa kwa bolti 5 zilizopangwa katika duara lenye kipenyo cha milimita 114.3. Swift ya kawaida ya kizazi hicho hicho, ambayo kwa mtazamaji wa mbali ni pacha wake, ilifungwa kwa bolti 4 katika duara la milimita 100. Majina yanafanana, sura zinafanana, lakini rimu ya huyu haimvai yule. Nambari hizo huandikwa 5x114.3 na 4x100.

Msomaji huenda akaishangaa hiyo desimali. Kwa nini 114.3, wala si 114 au 115? Jibu ni la kihistoria. Inchi 4 na nusu ni milimita 114.3 kamili. Kipimo kilizaliwa katika lugha ya inchi, kikatafsiriwa katika lugha ya milimita, na tafsiri ikabaki na lafudhi ya asili yake. Si mzaha huu. Magari mengi ya Volkswagen na Mercedes-Benz hutumia bolti 5 katika duara la milimita 112. Tofauti ya 112 na 114.3 haionekani kwa macho, na kwa nguvu kidogo ya spana rimu hiyo "itaingia". Lakini kila bolti itakuwa imekosea mahali pake kwa zaidi ya milimita moja, nati haitakaa sawasawa katika kiti chake, na bolti itafanya kazi huku imepindwa. Bolti ya namna hiyo hulegea au hukatika, na haichagui siku ya kukatika.

Nambari ya pili ni ya tundu la katikati. Kitovu cha Swift Sport hutaka tundu la milimita 60.1. Watengenezaji wa rimu za kuuzwa kwa kila gari huacha tundu pana, mara nyingi la milimita 73.1, ili rimu moja iwafae wengi. Hapo inahitajika pete ya kujaza nafasi iliyobaki, ya plastiki au ya alumini, iliyokerezwa kwa vipimo hivyo viwili. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Hawakusema pete yoyote. Pasipo pete hiyo ni rahisi rimu kufungwa nje kidogo ya katikati, na usukani ukaanza kutetemeka pindi mwendo unapozidi. Mwenye gari atapelekwa kusawazishiwa magurudumu mara tatu, atalipa mara tatu, na ugonjwa utabaki palepale.

Ya tatu na ya nne huenda pamoja: upana wa rimu, na herufi ET zinazofuatwa na nambari. Herufi hizo zatokana na Kijerumani, nazo hueleza umbali, kwa milimita, kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso wake unaogusana na kitovu. Kadiri nambari inavyopungua, ndivyo gurudumu linavyotokeza nje. Tufanye hesabu moja. Rimu ya upana wa inchi 6.5 yenye ET50 inaondolewa, na mahali pake inawekwa ya inchi 7.5 yenye ET40. Upana umezidi kwa inchi moja, yaani milimita 12.7 kila upande. ET imepungua kwa 10. Basi ukingo wa nje umesogea kwa milimita 22.7, ilhali wa ndani umesogea kwa milimita 2.7 tu. Milimita 22.7 ni karibu upana wa kidole gumba. Katika gari dogo huo ndio umbali kati ya tairi lizungukalo kwa amani na tairi likwanguliwalo na madigadi kila gari linapoingia shimoni likiwa na abiria. Isitoshe, beringi za kitovu hubebeshwa uzito kwa mkono mrefu kuliko ule uliokusudiwa, na usukani huanza kuvutwa huku na huku na kila bonde la barabara.

Tufike sasa kwenye nambari inayopendwa kuliko zote, kipenyo. Hapa ndipo wengi huamini kuwa kikubwa ndicho kizuri. Swift Sport ya mwaka 2005 ilivaa matairi ya 195/50R16. Maana yake ni hii: upana milimita 195, ubavu asilimia 50 ya upana huo, rimu ya inchi 16. Ukikokotoa utapata gurudumu lenye kimo cha milimita 601 hivi na ubavu wa tairi wa milimita 97.5. Matoleo ya mwaka 2011 na 2017 yalivaa 195/45R17, gurudumu la milimita 607. Tazama busara ya wahandisi: rimu imekua kwa inchi nzima, lakini kimo cha gurudumu kimebadilika kwa takriban asilimia moja tu.

Anayeruka hadi inchi 18 hukabiliwa na njia mbili. Akivaa 205/45R18, gurudumu litakuwa na milimita 642 hivi, yaani karibu asilimia 7 zaidi ya lile la 2005. Litagusa kila linachoweza kugusa, na saa ya mwendo, hata kama ilikuwa ikisema kweli, itamwambia anakwenda kilomita 80 kwa saa ilhali amekwishapita 85. Akitaka kimo kilekile, itambidi avae 205/35R18, ambayo ubavu wake haufiki milimita 72. Amepoteza robo ya mto wa hewa uliokuwa ukiikinga rimu yake na mashimo yetu.

Anayedhani kuwa haya ni maneno ya mzee mwoga na aende Naivasha. Mbio za Safari zilirejea katika mashindano ya ubingwa wa dunia mwaka 2021, na magari yanayoshindana humo ni miongoni mwa magari madogo yenye nguvu kuliko yote duniani. Kwenye lami laini za Ulaya, magari hayo huvaa rimu za inchi 18. Kwenye njia za changarawe kama zetu huvaa za inchi 15, zenye matairi ya ubavu mnene. Madereva hao hawakosi fedha za kununua rimu kubwa. Wanakosa sababu. Barabara ndiyo inayochagua rimu, na kazi ya dereva ni kuisikiliza.

Lipo jambo la tano, ambalo halikosi kutajwa na wapenda mbio lakini hukosekana katika mazungumzo ya dukani, nalo ni uzito. Swift Sport ya mwaka 2017 ina uzito wa kilo 970 tu, na wepesi huo ndio siri ya uchangamfu wake. Gurudumu liko chini ya springi. Kila tuta linapolirusha juu, springi hulazimika kulirudisha chini, na likiwa zito hukawia kurudi. Gurudumu linalokawia hewani halishiki barabara. Aidha uzito huo huo hubidi uzungushwe wakati wa kuondoka na usimamishwe wakati wa kufunga breki. Anayenunua rimu kubwa na nzito kwa ajili ya gari la mbio amelivisha gari lake viatu vya gunia la mchanga.

Uzito hutegemea jinsi rimu ilivyotengenezwa, na hapa Kiswahili kinatutosha bila ya kukopa. Zipo rimu za kusubu, ambazo alumini iliyoyeyushwa humiminwa katika kalibu. Zipo za kufua, ambazo madini hugandamizwa kwa nguvu kubwa hata yakashikamana, yakawa imara kwa uzito mdogo. Ya kufua ni ghali, ya kusubu ni nafuu, na iliyosubiwa vizuri haina aibu. Mwaka 1996 kampuni ya Rays ya Japani ilitoa rimu ya kufua ikaitwa TE37. Ile 37 katika jina ni uzito: kilo 3.7 kwa rimu ya inchi 15 yenye upana wa inchi 6. Jina lenyewe lilikuwa maelezo. Siku hizi sura ya rimu hiyo, ya mikono sita, imeigwa kila mahali. Anayeuziwa sura bila ya uzito ameuziwa jina lisilo maana.

Uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti. Kwa hiyo rimu igeuzwe, itazamwe mgongo. Rimu ya Japani iliyotimiza masharti ya nchi hiyo huwa na herufi JWL, na iliyopimwa na kusajiliwa huwa na alama ya VIA pia. Vipimo vyenyewe ni vya kuipinda ikizunguka, kuizungusha chini ya mzigo na kuipiga kwa uzito mkubwa. Herufi peke yake zaweza kughushiwa, kwa hiyo jina la mtengenezaji na uaminifu wa muuzaji vina thamani yake. Mgongoni pia ndipo huonekana nyufa na makovu ya kuchomelewa. Rimu ya alumini iliyopasuka ikachomelewa ovyo na kupakwa rangi hung'aa kama nyingine, na haifai hata kwa bure. Hatimaye zikaguliwe nati. Suzuki hutumia uzi wa M12x1.25, Toyota na Honda mara nyingi M12x1.5, na kiti cha nati chaweza kuwa cha pia, cha mviringo au bapa. Nati isiyolingana na kiti chake hudanganya fundi kuwa imekaza.

Wapo watakaoniambia kuwa nimewaharibia vijana starehe. La hasha. Binadamu hupamba apendacho. Waswahili walinakshi milango, mabaharia walichonga tezi za vyombo vyao, na matatu zetu ni maonyesho ya sanaa yanayotembea. Sina ugomvi na pambo. Lakini fundi wa mlango alihakikisha kwanza kuwa mlango unafunga, na baharia hakuchonga nakshi iliyopitisha maji. Gurudumu likichomoka kwenye barabara kuu ya Mombasa halimwangukii mwenyewe pekee. Huenda kwa mama aliyesimama kando ya njia akiuza machungwa, ambaye hakuulizwa rangi wala kipenyo.

Pendekezo langu ni jepesi, na halihitaji sheria mpya wala kamati. Kila anayeuza rimu na aandike katika risiti mambo matano kwa Kiswahili kinachoeleweka: idadi ya bolti na duara lake, tundu la katikati, upana pamoja na ET, kipenyo pamoja na tairi linalofaa, na uzito wa rimu pamoja na mzigo inaoweza kubeba. Na kila mnunuzi na aje dukani akiwa amekwisha kuyaandika mambo hayo ya gari lake katika kipande cha karatasi. Karatasi hizo mbili zikisomana, fedha zitolewe. Zisiposomana, mnunuzi ashukuru na aende zake, hata kama rimu zinameremeta kama mwezi wa kumi na nne.

Muuzaji aliyezoea kusema "zinaingia" atakuwa amejifunza kitenzi kipya, na mteja wake atakuwa amejifunza kukidai.