Kutapika na Kuhara Baada ya Mkutano: Hesabuni Saa Kabla ya Kumlaumu Mpishi

Mkutano Mkuu wa mwaka wa chama cha msingi ni siku ya hesabu, na aghalabu ni siku ya chakula pia. Wanachama hufika kutoka vitongojini tangu asubuhi, husikiliza taarifa ya Kamati, hupitisha makisio na ukomo wa madeni, kisha wote hupakuliwa wali na nyama kutoka sufuria zilezile. Ikitokea kwamba baada ya hapo watu wameanza kutapika na kuhara, lawama humwendea mpishi papo hapo. Wengine huthubutu hata kunong'ona kwamba Kamati imetaka kuwadhuru wapinzani wake. Minong'ono ya juma moja yaweza kubomoa imani iliyojengwa kwa miaka mingi, na mara nyingi hubomolewa bure, kwa kuwa hakuna aliyehesabu saa.

Watu wengi huamini kwamba kilichowadhuru ni chakula walichokila mwisho. Kwa magonjwa ya tumbo yaletwayo na virusi, dhana hiyo kwa kawaida si sahihi. Kirusi hakizaani ndani ya chakula wala ndani ya maji. Hukaa humo tu. Kazi yake huanza kifikapo katika utumbo mwembamba, kikapenya chembehai za ukuta wake na kuzitumikisha zitengeneze virusi vingine, navyo vikavamia chembehai za jirani. Muda wote huo aliyeambukizwa hula, hucheka na kwenda shambani kama desturi. Dalili hujitokeza pale madhara yanapokuwa yameenea vya kutosha.

Muda huo ulipimwa vizuri katika tukio moja lililotokea Oktoba 1968 katika shule ya msingi mjini Norwalk, jimbo la Ohio, Marekani. Takriban nusu ya wanafunzi na walimu 232 waliugua ghafla. Baada yao wakaanza kuugua watu wa nyumbani kwao, na kwa hao wa pili muda wa wastani tangu kuambukizwa hadi kuugua ulikuwa saa 48 hivi. Wachunguzi walitafuta bakteria wasiwaone. Mwaka 1972 ndipo Albert Kapikian na wenzake walipokiona kirusi chenyewe kwa hadubini ya elektroni, katika sampuli zilizotokana na mlipuko ule. Jina norovirusi limetokana na jina la mji huo.

Leo inajulikana kwamba norovirusi huchukua saa 12 hadi 48 kabla ya kuleta dalili. Rotavirusi, inayowashika zaidi watoto wadogo, huchukua siku mbili hivi. Astrovirusi huchukua siku nne au tano. Kirusi cha homa ya ini aina ya A hupita katika njia hiyo hiyo ya chakula na maji, lakini hukaa mwilini siku 15 hadi 50. Macho yanapogeuka manjano, karamu yenyewe imekwisha kusahauliwa.

Tuseme basi chakula cha mkutano kililiwa Jumamosi saa saba mchana. Mwanachama aliyeanza kutapika saa tisa alasiri siku hiyo hiyo hakupata kirusi katika sahani ile, maana saa mbili hazitoshi. Ama alikuja na ugonjwa wake kutoka nyumbani, ama chakula kilikuwa na sumu iliyokwisha kutengenezwa na bakteria. Sumu ya namna hiyo haihitaji kuzaana, ndiyo maana hushika upesi, kwa kawaida kati ya saa moja na sita. Hupatikana hasa katika wali uliopikwa jana ukaachwa sufuriani bila kupoozwa, na katika nyama iliyoshikwa na mtu mwenye kidonda kidoleni. Wagonjwa wakiwa wengi saa hizo, jiko lina la kujibu.

Lakini wagonjwa walio wengi wakianza baina ya usiku wa manane wa Jumamosi na Jumatatu mchana, norovirusi ni ya kushukiwa kwanza. Hata hapo, mpishi si lazima awe ndiye chanzo. Yawezekana ni aliyegawa vikombe, au mgeni aliyetapika karibu na mtungi wa maji. Na watoto wakiugua Jumanne, ilhali hawakuhudhuria mkutano, wameambukizwa na wazazi wao. Wasihesabiwe miongoni mwa waliodhuriwa na chakula.

Kuna upande wa pili wa hesabu hii ambao vyama huusahau. Mgonjwa wa norovirusi hupona upesi, mara nyingi baada ya siku moja hadi tatu, bali huendelea kutoa virusi katika kinyesi kwa majuma mawili au zaidi. Kwa hiyo mpishi aliyeugua asiguse chakula cha watu mpaka zipite saa 48 tangu alipohara au kutapika mara ya mwisho, na baada ya hapo anawe kwa sabuni na maji yanayotiririka kila atokapo chooni. Vitakasa mikono vya spirti havikiwezi vyema kirusi hiki. Kwa maoni yetu chama kimlipe mpishi posho yake kwa siku hizo mbili. Kumnyima ni kumlazimisha auficha ugonjwa wake, na gharama yake itakuwa kubwa kuliko posho yenyewe.

Kwa watoto wadogo jambo ni zito zaidi. Rotavirusi, iliyogunduliwa mwaka 1973 na Ruth Bishop na wenzake mjini Melbourne, Australia, huua kwa kumkausha mtoto maji. Chanjo yake, ambayo ni matone ya mdomoni, ilianza kutolewa kwa watoto wote Tanzania mwaka 2013 na Kenya mwaka 2014; haifai mzazi aikose kwa sababu ya msimu wa mavuno. Mtoto anayehara apewe maji ya chumvi na sukari ya pakiti, yaliyochanganywa kama pakiti inavyoagiza, na aendelee kunyonya. Macho yakididimia, mkojo ukikosekana au mwili ukilegea, apelekwe zahanati bila kungoja kesho. Vivyo hivyo kwa mtu mzima anayehara maji meupe kama ya mchele: hicho huenda ni kipindupindu, ambacho huletwa na bakteria, chaweza kujitokeza baada ya saa chache tu, na Bwana Afya sharti apewe habari mara moja.

Katibu afungue ukurasa katika daftari siku hiyo hiyo. Aandike jina la kila mtu, alichokula na saa aliyokula, saa alipoanza kuugua, na kama nyumbani kwake palikuwa na mgonjwa kabla ya mkutano. Waandikwe pia waliokula wasiugue, na waliohudhuria wasile, kwani bila wao hakuna cha kulinganisha. Mabaki ya chakula yasimwagwe. Yafunikwe na kuwekwa mbali na watoto na mifugo mpaka Bwana Afya afike ayatazame pamoja na daftari hilo.